Matumba ya Chikanda

Asubuhi nilipotoka nje na kukuta matumba manne yamelala chini ya ndoo, nilitukana. Niliyoyasema sitayarudia hapa, maana mimi ni mtu wa kanisani na wazee wa kanisa wananifahamu, ila jirani wa upande wa pili wa ukuta alikohoa ili nijue kwamba amenisikia. Niliyaokota moja moja. Yalikuwa ya kijani, yamefumba bado, maua ambayo hayajafunguka hata kidogo. Jana yake jioni yote yalikuwa kwenye bua, nimeyahesabu mwenyewe.

Jina langu ni Germana. Hapa Mpemba wananiita Mama Goodness, na kule mpakani Tunduma wananiita Mama Chikanda, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita nimekipika na kukiuza kwa vipande. Kama hukijui chikanda, pole yako. Ni viazi vidogo vya porini, havizidi kidole gumba, unavianika, unavitwanga, unachanganya na karanga za kutwanga, pilipili na magadi, unasonga mpaka vishikane, halafu unaweka makaa juu ya mfuniko ili kiive juu na chini. Wazambia wakivuka mpaka wananitafuta kwa jina, wananiamkia mama kwa Kibemba chao. "Mulishani, ba mayo, chikanda kipo?" Kikiwepo, hakifiki saa sita mchana.

Sasa hivyo viazi ni mizizi ya ua. Binti yangu Goodness, anayekaa mapokezi kwenye gesti moja pale mjini, ndiye aliyeniambia kwamba ua lenyewe linaitwa okidi, ni ndugu wa yale maua wanayoweka mezani kwenye hoteli za wenye nazo.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimewalisha watu maua ya mezani?" nikamuuliza.

"Ndiyo hivyo, Mama. Na wamelamba vidole."

Mambo ya kupanda chikanda kwenye ndoo sikuyaanza kwa kupenda. Yaliletwa na mama yangu. Mama anaitwa Ruti, na mwezi wa kumi na moja tulimtoa kijijini Ruanda, kwetu Mbozi, tukamleta kwangu kwa sababu chakula kilikuwa kimemshinda. Uji vijiko viwili, basi. Ugali anautazama tu. Hospitali wakampima kila kitu, wakasema hana ugonjwa wanaouona, ni uzee, mpeni anachopenda. Nikamuuliza anapenda nini. Akasema chikanda.

Nilicheka kwa furaha. Nikasema hiyo kazi ndogo, si umezaa mpishi! Nikanunua viazi sokoni, vile vinavyoletwa kwa magunia kutoka mbali, nikapika kwa moyo wangu wote, nikampelekea kipande cha moto. Akaonja. Akatafuna kidogo kwa fizi, kisha akakitema taratibu kwenye kiganja.

"Hiki si cha kwetu," akasema.

"Mama, chikanda ni chikanda."

"Nimekosa meno, Germana. Ulimi ninao."

Cha kwetu ni cha mteremko ulio juu ya kahawa ya marehemu baba, ambao siku hizi ni wa kaka yangu Osea. Nilikwenda huko mwanzoni mwa Januari, mvua imeshakolea na majani yamenifika magotini. Nilipokuwa msichana, mwezi kama huo mteremko mzima ulikuwa wa pinki. Nilizunguka kutwa nzima nimeinama. Nikapata mashina kumi na tisa, yote karibu na mawe, yote na matumba yake.

Osea alinikuta nimekaa juu ya jiwe.

"Dada, umechelewa," akasema. "Mteremko wote napanda parachichi. Trekta linakuja mwisho wa mwezi."

"Na chikanda je?"

"Chikanda gani? Kile ulichokimaliza wewe?"

Alikuwa anasema kweli. Zamani walichimba ua likishakauka, wakati ambao shina lenyewe limenyauka na ni wajuzi tu wanaoliona. Mimi mwaka niliopata kiwanja cha Mpemba nilikuwa na haraka. Nilichimba maua yakiwa yamechanua, kwa sababu ua lililochanua unaliona kutoka mbali, huna haja ya kutafuta. Nilifanya hivyo misimu miwili mfululizo, gunia baada ya gunia, na nyumba ikasimama. Msimu wa tatu nilikwenda nikakuta majani matupu, nikageuka na kuanza kununua sokoni. Mama hakujua. Alikuwa ameshaacha kupanda mlimani kwa ajili ya magoti yake, na alikuwa anaamini mteremko wake umejaa kama zamani.

Basi nikakaa pale juu ya jiwe nikawaza. Nikiyachimba haya kumi na tisa nikayapika, Mama atakula mara moja, mara mbili, na chikanda cha kwetu kimekwisha duniani. Nikiyaacha, trekta litayafukia na Mama hatakula hata mara moja. Njia ilikuwa moja tu: niyahamishe yalivyo, nikayatunze nyumbani mpaka yachanue, yazae, mbegu ianguke. Mbegu nirudishe mlimani, viazi nimpe Mama. Ili hilo lifanikiwe, Mama alitakiwa avumilie hadi mwezi wa nne, na yale matumba yalitakiwa yashike. Niliapa mbele ya yale mawe kwamba nitafanya hivyo, hata watu waniite kichaa.

Siku hiyohiyo nikachukua mashina tisa ya kwanza. Nikayafikisha Mpemba, nikakata ndoo chakavu, nikaomba mbolea ya ng'ombe kwa jirani yule mwenye kikohozi, nikaichanganya na udongo mweusi mzuri kabisa. Yale mashina nikayasuuza mpaka viazi vikang'aa, nikayapanda kwa mpangilio, nikayamwagilia. Nilijipongeza. Siku ya nne ndiyo nikakuta yale matumba manne chini.

Goodness akaingia kwenye simu yake. Goodness akiingia kwenye simu hatoki mikono mitupu.

"Mama, hapa wanasema okidi ikihamishwa ikiwa na matumba, inayaangusha. Inashtuka."

"Najua imeshtuka, naiona! Wanasema tufanyeje?"

"Wanasema zisipigwe na upepo." Nikazihamishia nyuma ya choo, kwenye kivuli. Yakaanguka sita.

"Wanasema ndizi mbivu zikiwa karibu zinayaangusha." Nikazitoa ndizi zote jikoni nikawagawia watoto wa mtaa, wakanishangilia. Yakaanguka mengine.

"Wanasema wengine wanamwagilia kwa vipande vya barafu."

"Goodness."

"Abee, Mama."

"Ile mimea imeota Mbozi. Bibi yako amewahi kupanda mlimani na barafu?"

Lakini mtu akiwa ameshikwa hachagui. Barafu niliweka pia. Ndani ya siku kumi na mbili hakuna tumba hata moja lililobaki juu ya bua, na mabua yenyewe yakawa meusi kuanzia chini. Nilipochimbua nione, viazi vilikuwa vimelainika, vinanuka, vinapondeka kati ya vidole kama sabuni iliyolala kwenye maji. Hata vya kupika havikuwa. Mashina tisa yamekwenda hivyo. Niliketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni nikajisikia mjinga wa mwisho, na hasira niliyokuwa nayo ingetosha kuchemsha maharage.

Yalibaki mashina kumi mlimani, na siku nane kabla trekta halijafika.

Nilirudi Ruanda nikachukua shina moja tu la majaribio. Safari hii nikasema nitalipanda kwenye mchanga, labda mbolea ndiyo mbaya. Kesho yake, nyumbani Mpemba, Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka penye jua la asubuhi, karibu na mlango wa nyuma, mimi nimechutama hatua tatu kutoka kwake na beseni langu. Macho yake hayaoni vizuri, lakini masikio, mh, usithubutu kumsema hata ukiwa Vwawa.

"Unaosha nini?" akauliza.

"Chikanda, Mama."

"Unapika leo?"

"Hapana. Napanda."

Nikaendelea kusugua. Kisha akasema polepole, kama mtu anayehakikisha kwamba amesikia vizuri: "Unapanda kitu ulichokiosha?"

Mkono wangu ukasimama ndani ya beseni.

"Tangu lini mtu akaosha anachopanda?" Mama akaanza kucheka. Alikuwa hajacheka tangu tumlete, na sasa akacheka mpaka akashika mbavu, na mimi nimechutama pale na kiazi cheupe pee mkononi. "Jamani, Germana! Umepika mpaka akili imeiva! Kile kinaishi na udongo wake. Udongo ule ndio unaokilisha. Ukikiosha umekivua nguo, umekiweka uchi kwa watu. Na hizo ndoo zinanuka mbolea. Nani alikuwa anapeleka mbolea mlimani?"

Nilitazama mikono yangu. Miaka ishirini na sita kila kiazi cha chikanda kilichopita kwenye mikono hii kimeoshwa, kimesuguliwa, kimeoshwa tena, kwa sababu mteja akikuta mchanga kwenye kipande anakurudishia usoni. Mikono ilifanya bila kuniuliza. Goodness alikuwa ametafuta kosa kwenye simu, mimi nikalitafuta kwenye upepo na kwenye ndizi, kumbe lilikuwa kwenye beseni. Niliona aibu sana, na shina lile la majaribio, lililokwisha kuoshwa, lilikuja kufa kama wenzake.

Sasa yalikuwa yamebaki tisa. Sikungoja kesho. Nilibeba ndoo tisa, nikampigia Osea simu nikamwambia aje mlimani na sepetu. Akaja akiwa anacheka, kijembe mdomoni tayari.

"Dada, watu wanaoga fedha kwenye parachichi, wewe unahamisha majani."

"Chimba," nikamwambia. "Chimba mbali na shina, upana wa sahani, na uende chini mpaka kwenye udongo mgumu. Ukikigusa kiazi chenyewe tutagombana leo."

Tulitoa donge zima zima, na nyasi zake, na minyoo yake, na vijiwe vyake. Kila donge likaingia kwenye ndoo yake kama lilivyo. Sikuongeza kitu. Pale palipobaki nafasi nilijaza udongo wa palepale mlimani. Osea mwanzoni alifanya mzaha, lakini kufika la tano nikaona ameinama kweli, anapapasa kwa mikono miwili asivunje donge. Alipomaliza nikamwonyesha ule ukanda wa chini ya mawe.

"Huu niachie. Trekta halipiti hapa hata ulilipe."

"Chukua. Hata mbuzi wanaukimbia."

Aliziweka ndoo nyuma ya pikapu anayobebea miche, akaendesha hadi Mpemba mwendo wa msiba, na mimi nimekaa nyuma nimezikumbatia.

Nikaziweka uani upande unaopata jua la asubuhi. Siku ya kwanza, hakuna kilichoanguka. Siku ya pili, hakuna. Siku ya nne nikaogopa kutoka nje. Nilimtuma Goodness, akarudi akasema ndoo moja imeangusha matumba yote na shina lake limekufa, nyingine imeangusha mawili, zile saba ziko vilevile. Nilikwenda nikaangalia mwenyewe, nikahesabu mara tatu. Wiki ikaisha. Jumapili moja asubuhi nikiwa nimeshavaa kwa ajili ya ibada, nikakuta tumba moja limefunguka, pinki, dogo, na vidoa vyake kooni kama nilivyoyajua utotoni. Nilipiga vigelegele peke yangu uani. Ibadani sikwenda, Mungu anisamehe, nilikaa hapo hadi mchana.

Nikamshika Mama mkono nikamleta. Akainama, akaligusa ua kwa ncha ya kidole, akalinusa.

"Ndicho chenyewe," akasema. "Sasa chimba, unipikie."

"Bado, Mama. Ngoja lizae."

"Unaninyima?"

Hakuna neno lililowahi kunichoma kama hilo. Mama yangu alikuwa amebaki mifupa. Nikimwogesha, mabega yake yalinitisha. Na kila siku kuanzia hapo alikuwa anauliza, asubuhi na jioni, chikanda kiko wapi, na kila siku nikajibu bado, na kila siku uji ulirudi jikoni karibu wote. Osea alinipigia simu mwishoni mwa Februari, akasema kwa sauti ambayo huwa haitumii: "Dada, mpikie Mama. Ukija kumzika na huku ndoo zako zina maua, utajisikiaje?"

Nilikata simu nikalia. Halafu nikachukua kisu.

Nilipiga magoti mbele ya ndoo ya kwanza. Nikajiambia, moja tu, mbili, tatu, atie kitu tumboni, hizo nyingine zitaendelea. Mama alikuwa kwenye mkeka wake, akasikia kisu kinagusa ndoo.

"Hatimaye!" akasema. "Na usijali. Mlimani viko tele, hivi vya ndoo vina nini cha kuhurumia?"

Nilishindwa. Ningeweza kukaa kimya, kuchimba, kupika, akala akashukuru. Lakini nilimwona anatabasamu kwa ajili ya mlima ambao haupo.

"Mama," nikasema, "mlimani hakuna."

"Hakuna nini?"

"Chikanda. Vimebaki hivi vya kwenye ndoo. Duniani, vya kwetu, ndivyo hivi."

Akageuza uso wake kwangu. "Vimeliwa na nini?"

"Na mimi."

Nikamweleza yote. Nilimwambia kuhusu ile misimu miwili, na magunia, na nyumba hii aliyolala ndani yake tangu mwezi wa kumi na moja. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu.

"Hukutikisa?"

Zamani, kabla ya kufukia shimo, walikuwa wanachukua ua kavu na kulitikisa juu ya udongo, ndipo wanafukia. Alinifundisha nikiwa mdogo. Nilikuwa naona kama mchezo.

"Sikutikisa, Mama. Maua yalikuwa mabichi. Hayakuwa na kitu cha kutikisa."

Nilisubiri anipige, maana fimbo yake ilikuwa karibu, na kwa kweli ningefurahi. Mwishowe akasema, "Toa hicho kisu hapo," akajivuta ndani, akalala ameelekea ukutani.

Siku tatu hakuzungumza na mimi. Alimjibu Goodness, alimjibu mpaka jirani aliyekuja kumjulia hali, mimi hapana. Nilikuwa naweka uji, nautoa. Nilijua kabisa kwamba nimeua vitu viwili, chikanda na Mama, na kwamba sasa sina la kufanya isipokuwa kuzilinda zile ndoo. Basi nikazilinda. Mvua kubwa ikija nazisogeza chini ya upenu, ikipita nazirudisha. Sikwenda mpakani kuuza kitu.

Siku ya nne asubuhi nikasikia fimbo inagonga sakafu.

"Germana! Mkeka wangu hauko mahali pake. Usogeze kwenye ndoo."

Nikausogeza.

"Zaidi. Kuku wa jirani yako wanapita hapa, nawasikia. Na leta huo uji."

Nikaleta. Akala vijiko vitano, kwa hasira, kama anayekunywa dawa chungu. "Sitaki kufa kabla sijaonja," akasema. "Usidhani ni kwa ajili yako."

Kuanzia siku hiyo tukawa wawili. Alikaa kando ya ndoo kutwa, fimbo mapajani, na kuku akijaribu kusogea anakiona. Mara nyingine alikataa kula, na katikati ya Machi alilala siku mbili mfululizo bila kuamka vizuri, nikampigia Osea aje, tukadhani ndiyo basi. Aliamka akauliza kama mvua imezifikia ndoo. Maua yakanyauka moja baada ya jingine, na pale lilipokuwa ua kikabaki kijifuko kama punje ya mpunga. Kila asubuhi nilimwongoza mkono wake, naye akakiminya kijifuko kwa vidole.

"Bado."

Kesho yake: "Bado."

Ikaenda hivyo hadi Pasaka imepita. Kisha asubuhi moja aliminya, akakipeleka sikioni, akakitikisa.

"Leo," akasema. "Mwite Osea."

Osea akaja na pikapu. Mama tulimkalisha mbele, ndoo nyuma, mimi nikazikumbatia kama mwanzo. Mteremko ulikuwa umelimwa wote, mashimo ya parachichi yamepangwa kwa kamba, miche imeshaanza kutoa majani mapya, ila ukanda wa chini ya mawe ulikuwa na nyasi zake. Tulimshika Mama kwapani, mimi huku, Osea huku, tukapanda naye hatua kwa hatua. Alikuwa mwepesi mno. Alipofika akadai aachwe apige magoti mwenyewe, akapiga, na tukampa mabua makavu mkononi, moja moja.

Akatikisa. Mbegu za chikanda si mbegu za kuhesabu. Ni vumbi, laini kuliko ugoro, lilipotoka likapaa kidogo kisha likatua kwenye nyasi na kwenye udongo ambao Osea alikuwa ameukwaruza kwa vidole. Mama alitikisa mabua yote manane. Hakuharakisha hata moja.

"Osea," akasema akiwa bado magotini.

"Naam, Mama."

"Trekta likigusa hapa, nitakufa makusudi, halafu nikutokee."

"Haligusi, Mama."

"Haya. Mashina matano yarudisheni hapa na madonge yao. Matatu ni yangu." Akanigeukia. "Haya sasa, kaoshe."

Viazi vilivyotoka kwenye mashina yale matatu vilienea kwenye kiganja kimoja. Nilivikata vipande vyembamba nikavianika juu ya bati siku mbili, Mama akiuliza kila saa kama vimekauka, na mimi nikiogopa kila usiku kwamba hataamka. Aliamka. Nikatwanga kwenye kinu cha kitunguu saumu, maana kinu kikubwa kingevimeza. Nikatia karanga, pilipili, magadi, nikasonga kwenye kisufuria cha kuchemshia yai, nikaweka makaa mawili juu ya mfuniko. Nimepikia watu maelfu, lakini sijawahi kufunua mfuniko mara nyingi namna ile. Kilipoiva kilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni ya kuogea.

Nikakikata vipande vinne, nikampelekea kwenye sahani. Osea alikuwa amesimama mlangoni. Mama akachukua kipande cha kwanza, akakiweka mdomoni, akafumba macho. Hakutafuna, alikisukuma na ulimi kwenye kaakaa hadi kikayeyuka. Nilisimama mbele yake nikisubiri.

"Magadi yamezidi," akasema.

Akachukua cha pili.

Mimi mwenyewe nilikuwa sijaonja cha mlima ule tangu mwaka nilipoanza kujenga. Wakati ule kila kipande kilikuwa cha kuuza. Harufu yake ilikuwa imejaa chumba kizima na mate yalinijaa mdomoni, nikajiambia atatubakishia, japo kipande kimoja tugawane na Osea. Akala cha tatu. Akala cha nne. Akapitisha kidole kwenye sahani, akakilamba, akapitisha tena hadi sahani ikawa safi.

"Mlikuwa mnataka?" akauliza.

"Hapana, Mama," tukajibu wote wawili.

"Afadhali. Vyenu viko mlimani. Mvingoje."

Kisha akaegemea ukuta, akafuta mdomo kwa upande wa khanga, akashusha pumzi ya mtu aliyeshiba. Nilichukua ile sahani nikatoka nayo uani, nikakaa chini kando ya ndoo zilizokuwa tupu, nikalia kwa sauti, sikujali nani ananisikia. Mama yangu alikuwa amekula.